Diski ya kompyuta ya zamani inapoanza kuchoka: namna ya kuihamishia yote kwenye diski nyingine

Swali la msomaji: "Kompyuta yetu ya mezani ni ya mwaka 2004 na bado inatumia Windows XP. Ndani yake kuna programu ya hesabu ambayo mtengenezaji wake hayupo tena, pamoja na kumbukumbu za miaka mingi. Diski yake ni ya GB 80, na tangu mwezi uliopita kompyuta huganda kwa dakika nzima kisha ikaendelea. Nilinunua diski nyingine nikanakili mafaili yote ya C kwa kuyaburuta. Baadhi yalikataa kunakilika, na kompyuta haikuwaka kwa diski mpya. Nifanye nini ili diski mpya iwe sawasawa na ya zamani?"

Ndugu msomaji,

Naomba uizime kompyuta hiyo na usiiwashe tena mpaka utakapokuwa na kila kifaa mkononi. Kuganda unakokueleza ni dalili ya diski inayofika mahali isipoweza kusoma, ikarudia kusoma mara nyingi kabla ya kukubali kushindwa, na Windows nayo ikarudia ombi lilelile. Wakati huo wote vichwa vya kusomea vinahangaika juu ya sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, vikiwa vimeachana nazo kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Isitoshe, Windows haiwaki bila kuandika: huandika kumbukumbu za matukio, hubadilisha sajili yake (hifadhi ya mipangilio yake), hutumia sehemu ya diski kama kumbukumbu ya ziada. Hakuna anayejua diski ya namna hiyo imebakiwa na saa ngapi za kusomeka, kwa hiyo saa hizo zisitumiwe kwa jambo lolote isipokuwa kunakili. Diski ya zamani isomwe yote, kwa mpangilio, bila kuandikwa kitu, na kazi nyingine zote, iwe kutengeneza, kutafuta mafaili au kujaribu kuwasha, zifanywe juu ya nakala.

Sasa nieleze kwa nini kuburuta mafaili hakukutosha, kwa sababu ukilielewa hilo utaelewa pia njia ninayokushauri. Diski haina mafaili kwa asili yake. Ina vipande vidogo viitwavyo sekta, ambavyo katika diski za umri huo kila kimoja hubeba baiti 512. Sekta ya kwanza kabisa si sehemu ya faili lolote utakaloliona kwenye C. Baiti 446 za mwanzo wake ni programu fupi ambayo kompyuta huitekeleza inapowaka, baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, lenye nafasi nne tu, na baiti 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Ndani ya baiti hizo 446 kuna pia namba ya utambulisho wa diski, ambayo Windows huitumia kukumbuka ni patisheni ipi inayoitwa C. Mwanzoni mwa patisheni yenyewe kuna sekta nyingine za kuwashia. Ulipoburuta mafaili hukuzigusa hata moja kati ya hizi. Tena mafaili ya sajili yalikuwa yanatumiwa na Windows yenyewe wakati ule, ndiyo maana baadhi yalikataa. Mengine huenda yalikataa kwa kuwa yamekaa juu ya sekta mbovu, na hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Kinachohitajika basi ni nakala ya sekta kwa sekta. Watu wengi huifanya moja kwa moja kutoka diski hadi diski, na kwa diski yenye afya sina pingamizi. Kwa diski yako nashauri hatua mbili: kwanza diski yote isomwe na kuwekwa ndani ya faili moja kubwa liitwalo taswira, kwenye diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, kisha taswira hiyo iandikwe kwenye diski mpya. Hatua hiyo ya ziada ina faida kubwa. Diski mpya ikiharibika katika majaribio, au ikikataa kuwaka, utaiandika upya kutoka kwenye taswira mara kumi ukitaka, ilhali diski ya zamani imelala kwenye kabati bila kuguswa.

Diski ya nje itakayopokea taswira isiwe ya mpangilio wa FAT32, kwa sababu FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4, na taswira yako itakuwa na GB 80 kamili hata kama mafaili yako hayajazi nusu ya diski. NTFS, exFAT au ext4 zinafaa. Usishangae pia Windows ikikuonyesha kwamba diski ya GB 80 ina GB 74.5 tu. Hakuna kilichopotea: kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824.

Kazi yenyewe usiifanye kwenye kompyuta ya zamani ikiwa unaweza kupata nyingine. Kompyuta nyingi za wakati ule zina USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha takriban MB 30 kwa sekunde, yaani GB 80 kwa dakika 45 hivi. Lakini ikiwa milango yake ni ya USB 1.1, mwendo unashuka hadi karibu MB 1 kwa sekunde, na kazi ileile itachukua zaidi ya saa 22. Diski inayougua haipaswi kuzungushwa saa 22. Itoe basi, na uiunganishe kwenye kompyuta mpya zaidi kwa adapta ya USB.

Hapa angalia plagi zake. Kompyuta ya mezani ya mwaka 2004 huenda ina diski ya IDE, yenye pini 40 katika safu mbili na plagi ya umeme yenye pini 4 nene, au ya SATA, yenye plagi nyembamba bapa. Adapta nyingi hupokea aina zote mbili, lakini diski ya inchi 3.5 inahitaji umeme wa volti 12 pamoja na volti 5, na mlango wa USB hautoi volti 12. Hakikisha adapta imekuja na kifaa chake cha umeme. Nyuma ya diski ya IDE, kati ya plagi ya data na ya umeme, kuna pini chache zenye kifuniko kidogo cha plastiki kiitwacho jampa, ambacho huamua kama diski ni ya kwanza au ya pili kwenye kebo. Iweke katika nafasi ya diski ya kwanza, au ya diski iliyo peke yake, kwa kufuata mchoro uliochapwa kwenye lebo, kwa maana adapta nyingi hazitaiona ikiwa imewekwa kuwa ya pili. Gusa chuma cha kasha la kompyuta kabla ya kushika diski ili umeme tuli wa mwilini utoke, na ukishaiwasha iache itulie mezani, isisogezwe wala kuinuliwa.

Ukiiunganisha kwenye kompyuta yenye Windows ya kisasa, unaweza kuulizwa kama ungependa diski hiyo ifomatiwe, ianzishwe upya, au ikaguliwe makosa. Majibu yote matatu ni hapana. Programu ya ukaguzi iitwayo chkdsk hasa imewaliza watu wengi: kazi yake ni kuufanya mpangilio wa mafaili uwe na mantiki, si kuokoa data, na ikikutana na jedwali lisilosomeka vizuri inaweza kufuta majina ya mafaili yaliyokuwa yangali yanaokoleka. Kwa sababu hiyo mimi huifanya kazi hii kwenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, inayowashwa kutoka kwenye flashi, kwa mfano SystemRescue, ambayo ina kila chombo kinachohitajika na haihitaji kusakinishwa popote.

Chombo chenyewe kinaitwa GNU ddrescue. Kuna programu ya zamani zaidi, dd, inayotajwa katika maelekezo mengi, nayo ni nzuri kwa diski yenye afya. Lakini dd ikifika kwenye sekta mbovu husimama, au ikilazimishwa kuendelea hung'ang'ana palepale kabla ya kusonga. Ddrescue hufikiri kinyume chake. Huchukua kwanza yote yaliyo rahisi kusomeka, huruka maeneo yenye matatizo, na huandika katika faili dogo la ramani ni sekta zipi zimesomwa na zipi bado. Umeme ukikatika au diski ikijifunga, utaanzia pale ulipoishia bila kusoma tena kilichokwisha kuokolewa. Faili hilo la ramani lina thamani sawa na taswira yenyewe, kwa hiyo usilipoteze.

Kabla ya kuandika amri yoyote, itambue kila diski kwa hakika. Amri hii huorodhesha diski zote pamoja na ukubwa, modeli na namba zake za utambulisho:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Nalisisitiza hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nanakili diski mbili za ukubwa uleule, nikaziamini herufi ambazo mfumo ulikuwa umezipa siku iliyotangulia. Usiku ule kompyuta ilikuwa imewashwa upya na herufi zikabadilishana. Nilinakili diski tupu juu ya diski iliyojaa kazi ya mtu, na kazi ile haikurudi. Tangu hapo huunganisha diski moja kwa wakati, huandika kwenye karatasi jina ililopewa, na hulinganisha namba na ile iliyochapwa kwenye lebo. Fahamu kwamba baadhi ya adapta za USB huonyesha namba zao wenyewe badala ya za diski. Hiyo ni sababu nyingine ya kuunganisha moja moja.

Tuseme diski ya zamani imeitwa sdb, na diski ya nje imefunguliwa kwenye folda ya /mnt/akiba. Mzunguko wa kwanza ni huu:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Herufi n inaiambia programu isikwangue maeneo mabaya kwanza. Chanzo hutangulia, mpokeaji hufuata. Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukiisha, tazama asilimia iliyookolewa. Mara nyingi utakuta ni zaidi ya 99, na hapo ndipo unapoweza kupumua. Mzunguko wa pili hurudia sehemu zilizobaki mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Katika mzunguko huu diski hufanya kazi ngumu kuliko wakati wowote, hivyo ukae karibu uisikilize. Ikianza kugonga kwa mapigo yanayofuatana, au ikitoweka kwenye orodha, izime mara moja. Mlio huo mara nyingi ni wa vichwa vilivyoharibika, na hakuna programu inayoweza kuvitengeneza. Kuendelea ni kukwangua sahani zenye data. Ikiwa data inastahili gharama, kinachobaki ni maabara ya kuokoa data yenye chumba kisafi. Usiifungue diski mwenyewe. Usiiweke kwenye friji, shauri ambalo bado linazunguka, kwa kuwa ikitolewa kwenye baridi unyevu huganda juu ya sahani. Wala usibadilishe saketi yake kwa ya diski nyingine inayofanana nayo, kwa sababu saketi hizo hubeba vipimo vilivyopangwa kiwandani kwa ajili ya diski ile moja tu.

Ikibaki hata sekta mia moja zisizosomeka, utataka kujua zimeangukia wapi, kwa kuwa sekta moja ndani ya picha ya mandhari ya skrini si kitu, na sekta moja ndani ya faili la hesabu inaweza kuharibu mwaka mzima wa kazi. Fanya nakala ya pili ya taswira, na kwenye nakala hiyo itumie ddrescue kujaza mashimo kwa maneno ambayo hayawezi kupatikana kwingine, kisha tafuta maneno hayo ndani ya mafaili. Kila faili litakaloonekana nayo ni faili lililojeruhiwa. Linganisha orodha hiyo na folda ya programu yako ya hesabu kabla ya lolote jingine. Ikiwa haimo, umeokoka.

Kuhusu diski mpya, ukubwa una mipaka ya pande mbili. Isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kwa sekta moja, na usiamini maandishi ya lebo tu, kwani diski mbili zinazoitwa GB 80 zinaweza kupishana kwa idadi ya sekta. Isiwe kubwa mno pia. Kompyuta nyingi za zamani, pamoja na Windows XP kabla ya Service Pack 1 ya mwaka 2002, huhesabu sekta kwa namba ya biti 28, ambayo mwisho wake ni GB 137. Mfumo wa namna hiyo ukijaribu kuandika kupita hapo, data inaweza kurudi kuandikwa juu ya mwanzo wa diski na kuharibu kila kitu. Diski ya SSD (isiyo na sahani zinazozunguka) ya GB 120 inakaa salama chini ya mpaka huo, na kwa kompyuta kama yako ningeichagua hiyo. Ikiwa ubao mama wako una IDE tu, kuna adapta ndogo ya kuigeuza SATA kuwa IDE inayofungwa moja kwa moja nyuma ya diski, na kompyuta huiona kama diski ya kawaida.

Sasa ondoa diski ya zamani, unganisha mpya, itambue upya kwa lsblk (tuseme imeitwa sdc), na uandike:

ddrescue -f /mnt/akiba/diski.img /dev/sdc /mnt/akiba/mpya.map

Ramani hii ina jina tofauti na ile ya kwanza, nayo isichanganywe. Baada ya hapo linganisha kwa amri ya cmp kati ya taswira na diski mpya. Ikifika mwisho wa taswira bila kutaja tofauti yoyote, nakala ni sahihi. GB 40 za ziada zitabaki bila kutumika, na ningeziacha hivyo mpaka kompyuta iwe imefanya kazi kwa wiki kadhaa. XP huanza patisheni yake kwenye sekta ya 63, jambo ambalo halilingani na vipimo vya SSD na hupunguza mwendo kidogo, lakini kuisogeza patisheni kunaweza kuvuruga kuwaka kwake. Kwa programu ya hesabu ya mwaka 2004, faida yake haistahili hatari hiyo.

Wakati wa kuiwasha kompyuta kwa diski mpya mara ya kwanza, ya zamani isiwe imeunganishwa kabisa. Diski zote mbili sasa zina namba ileile ya utambulisho niliyoitaja mwanzoni, na Windows ikiziona pamoja italazimika kuipa mmojawapo namba mpya. XP yako inaweza kuanza ikiwa imepoteza C yake, ikakwama kwenye skrini ya kuingilia. Tena ungekuwa umeiandikia diski tuliyoahidi kutoiandikia.

Ukiona skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, usidhani nakala ni mbovu. Namba hiyo husema kwamba Windows imeanza kuwaka kisha ikakosa draiva ya kuifikia diski, na hutokea pale njia ya kuunganisha diski inapobadilika. Ingia kwenye mpangilio wa BIOS, yaani programu ya ubao mama inayotangulia Windows, utafute mahali SATA inapochaguliwa kuwa ya AHCI au ya IDE, na uchague IDE, kwa kuwa XP haikuja na draiva ya AHCI. Na ikiwa BIOS imesahau tarehe na mipangilio yake, badilisha betri ya ubao mama kwanza, ambayo kwa kawaida ni CR2032. Kompyuta ya umri huo inayosahau mipangilio ya diski hudhaniwa kuwa na diski mbovu bila sababu.

Programu za hesabu za wakati ule zilikuwa na tabia ya kujifunga kwenye kompyuta moja. Zile zilizojifunga kwenye namba ya patisheni hazitajua kwamba diski imebadilika, kwa kuwa namba hiyo imo ndani ya sekta tulizozinakili. Zile zilizojifunga kwenye namba ya kiwandani ya diski yenyewe zitakataa, na hakuna nakala inayoweza kubeba namba hiyo. Nyingine hutegemea kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye mlango wa printa. Angalia nyuma ya kasha kabla ya kutupa chochote kinachoonekana hakina kazi.

Nikushauri jambo ambalo hukuliuliza. Diski mpya itaishi, lakini ubao mama na kifaa cha umeme vina miaka ileile ya diski iliyochoka. Kwa kuwa taswira unayo, igeuze iwe diski ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, kwa mfano kwa VirtualBox, na ujaribu kuiwasha XP yako ndani ya kompyuta ya kisasa, ikiwa imekatwa na intaneti. Huenda ikadai kuidhinishwa upya kwa kuwa vifaa vimebadilika, na huenda ukakutana tena na ile namba 7B. Jaribu hata hivyo, sasa hivi, wakati kompyuta ya zamani ingali inafanya kazi na unaweza kuitazama kwa ulinganisho.

Diski ya zamani ibandike karatasi yenye tarehe na neno "usiandike", uihifadhi mahali pakavu, na taswira uiweke kwenye diski mbili zilizo mahali tofauti. Kisha fungua programu ya hesabu kwenye nakala, chapisha ripoti ya mwaka mmoja wa zamani na ya mwezi uliopita, na uzilinganishe tarakimu kwa tarakimu na zile zilizomo kwenye majalada yako ya karatasi. Zikilingana, unaweza kuanza kuandika hesabu mpya kwenye diski mpya.